Ukichoka Niambie

Pini alikuwa amechoka, na haukuwa uchovu wa siku moja. Ulikuwa uchovu wa miaka sita ya kupendwa na mwanamume mmoja na kukatazwa na mwanamume mwingine, na wote wawili alikuwa akiwapenda mpaka basi.

Jumamosi ile, saa tisa alasiri, alipanda ngazi za nyumba ya baba yake akiwa ameikumbatia mashine ya kanda ya kazini. Ilikuwa nzito kupita kiasi. Kila ghorofa aliitua chini, akashusha pumzi, akainyanyua tena. Ghorofa ya nne shangazi yake alikuwa tayari kaufungua mlango, kaegemea fremu, mkono kiunoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sasa hiyo ndiyo nini? Mwenzio amekuja kusaini barua, wewe unatuletea mitambo?"

Moyo wa Pini ukapiga paa. "Amekuja? Si tulisema saa kumi?"

"Amekuja, amekaa, na hajasema neno zaidi ya salamu. Mimi na huyo kijana wako! Mtu anaitwa Chiriku, ukikaa naye unasikia saa ya ukutani inavyogonga."

Hilo lilikuwa jambo la kuchekwa na kila aliyemfahamu. Chiriku ni ndege mpiga kelele, na yule mpiga gitaa wa ukumbi wa hoteli alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Ukimuuliza nani alimpa jina lile, anainua mabega. Alilikuta. Mama yake, aliyefariki yeye akiwa na miaka tisa, alikuwa akimwita hivyo, na sababu alikwenda nayo kaburini.

Pini alisimama pale mlangoni akiwa na mashine kifuani, akaona mpango wake wote umemwagika. Alikuja mapema makusudi ili aongee na baba peke yake. Alikuwa amelala na maneno hayo, ameamka nayo. Sasa Chiriku alikuwa ndani.

Na neno lenyewe lilikuwa hili. Pini alikuwa mtunza kanda wa redio, akifanya kazi kwenye chumba kisicho na dirisha ambacho baba yake alikisimamia miaka thelathini kabla yake. Wenzake walimwita Pini kwa sababu ya pini zilizojaa kwenye ukosi wa gauni lake, za kubania vipande vya kanda visipotee. Tabia hiyo aliirithi. Baba yake alikuwa na mwiko mmoja kazini: kata unachotaka, lakini usitupe ulichokata. Kila kipande kilitiwa bahasha, kikaandikwa, kikabaki ndani ya boksi la kanda yake.

Baba alikuwa amestaafu, ila redio ilikuwa imemwita tena awe mwenyekiti wa kamati ya kutengeneza orodha ya nyimbo za asili. Vikao vinane walikuwa wamebishana asili ni nini, na mwishowe kanuni ya baba ndiyo iliyopita: wimbo wa asili hauna mtunzi anayejulikana, hauna ala ya dukani, na umri wake unawazidi walio hai wote. Namba moja kwenye orodha ilikuwa "Shika Huku", wimbo uliofungua matangazo ya kila asubuhi, ulioimbwa na kila mtoto wa shule. Baba ndiye aliyeurekodi ujanani. Alikuwa ameuandikia kitabu kizima, akieleza kwamba ni wimbo wa wahenga waliposokota kamba.

Halafu mwezi mmoja uliopita mtangazaji akamuuliza Chiriku hewani, nani alimfundisha wimbo ule anaoupiga kwa gitaa vizuri hivyo. Chiriku akajibu kwa ufupi wake: "Mama. Aliutunga yeye, kazini kwake. Alikuwa mfuaji wa hospitali."

Wiki tatu wasikilizaji walipiga simu kutukanana. Baba hakupiga simu. Alinyamaza, akavimba, kisha akatamka sharti: kijana aandike barua kwamba alikosea, wimbo hauna mwenyewe, ndipo ipokewe posa aliyokuwa akiikataa miaka yote kwa kuwa hakumtaka mpiga gitaa wa hoteli. Chiriku alikataa mara moja, mara mbili. Juzi alimwambia Pini, "Nitasaini. Mama hayupo, wewe upo." Alivyolisema lile neno, uso umelegea, Pini alitamani angekataa tena.

Jana mchana Pini alikuwa akiiandaa kanda ya "Shika Huku" kwa ajili ya orodha. Karatasi ya ndani ya kifuniko cha boksi ilikuwa imebanduka pembeni. Alipoivuta, ikaanguka bahasha. Mwandiko wa baba: *Kipande. Kisitumike.* Akakiunga, akasikiliza. Mwanamke alikuwa akisema kwamba wimbo ni wake, ameutunga mwenyewe, na kijana mmoja akimwahidi kuliandika hilo. Sauti ya kijana yule Pini aliijua tangu alipozaliwa. Na kulikuwa na jambo lingine mle, la sekunde chache tu, ambalo hakuweza kulirudia. Aliizima mashine, akakaa sakafuni katikati ya makabati mpaka mlinzi alipokuja kuuliza kama anaumwa.

Akinyamaza, ataolewa na mwanamume aliyemzika mama yake mara ya pili kwa ajili yake. Akisema, atamwaibisha baba, na huenda asiolewe kabisa.

"Utaingia au tukuletee kiti hapo hapo?" shangazi akauliza.

Sebuleni baba alikuwa amekalia kiti chake cha mikono, miwani imeshuka puani. Chiriku alikuwa mkabala naye, shati jeupe la kazini, mikono juu ya magoti. Macho yake na ya Pini yakakutana. Alimpa tabasamu dogo, lile la kumwambia asijali, nalo lilikuwa limechoka kuliko yeye.

"Mbona umewahi?" Pini akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimalize tu, Pini. Saa kumi na mbili naingia kazini."

Mezani palikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, na kalamu juu yake.

"Kabla hujasaini," baba alisema, "sitaki uondoke hapa ukidhani nakuonea. Nataka uelewe."

"Naelewa, mzee."

"Huelewi. Kila mtoto hudhani wimbo wa mama yake ni wa mama yake. Mimi nimezunguka na kinasa sauti mgongoni miaka mingapi? Wimbo mmoja, watu ishirini, kila mmoja anakuapia ni wa bibi yake. Hiyo ndiyo maana ya asili. Umepita midomo mingi hadi umesahau ulikotoka."

"Au wenye midomo hawakuulizwa," Chiriku akasema.

Baba akavua miwani. "Unaona? Bado unabisha."

"Sibishi, mzee. Kalamu hii hapa."

"Na hilo gitaa lako. Unautia nyuzi sita wimbo usio na uzi hata mmoja, halafu unashangaa watu wakisema umeuharibu."

"Hata ngoma, mzee, kuna siku ilikuwa mpya. Kuna mtu alikaa akasema huyu naye na ngozi yake anatuharibia makofi."

Shangazi akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Baba akamtupia jicho.

"Nisamehe, kaka. Lakini mimi hiyo kamati yenu mngeniita siku moja tu mngemaliza. Wimbo ukinikuta jikoni nikauacha mwiko, huo ni wa asili. Ukinipita nikiendelea kukoroga, huo wapelekeeni wenyewe."

"Hili si jambo la mwiko."

"Kwako labda."

Wakati mwingine Pini angecheka. Aliitua mashine sakafuni karibu na soketi, akabaki amechuchumaa pale. Alimtazama baba yake: shingo iliyokonda, kola iliyopigwa pasi na shangazi, vidole vile vilivyomfundisha kukata kanda kwa wembe bila kuikwaruza. Alimwonea huruma. Kisha akasikia kalamu ikiinuliwa juu ya meza.

Chiriku alikuwa ameinama. Ncha ya kalamu ilikuwa imegusa karatasi. Hakuwa ameandika bado. Alikuwa akisoma mstari wa mwisho, polepole, midomo ikicheza bila sauti. *Mama yangu hakuutunga.*

"Usisaini," Pini akasema.

Wote wakamgeukia.

"Pini," Chiriku akasema kwa upole, "tulishaongea."

"Tuliongea kabla sijajua. Ngoja."

Akachomeka waya. Akatoa kwenye mkoba gurudumu la kanda, na bahasha ikatoka nayo, ikaanguka zuliani, mwandiko ukitazama juu. Baba aliiona. Hakuinuka, hakupaza sauti, ila rangi ilimtoka usoni kama mtu aliyeitwa kwa jina na asiyemtarajia.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Ulipoiweka, baba."

"Usiifungulie." Kisha, kwa sauti ambayo Pini hakuwahi kuisikia ikitoka kwake: "Mwanangu, nakuomba."

Baba hakuwahi kumwomba kitu. Alikuwa akimwagiza, akimkataza, akimpa. Mkono wa Pini ukagota juu ya kitufe. Laiti angepewa saa moja tu peke yake na mzee huyu, pengine wangeyamaliza kimya kimya na asingefika hapa. Lakini kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Chiriku.

Akabonyeza.

Kwanza yakaja maji. Ndoo zikiburutwa sakafuni, wanawake wakicheka kwa mbali. Halafu sauti ya kijana, ya haraka haraka, yenye kiburi cha mwenye mashine mpya:

"Imba tena, mama, tangu mwanzo."

"Subiri kwanza wewe. Umeandika kuwa ni wangu?" Mwanamke alikuwa na sauti nene, ya mtu mwenye mzaha. "Nimeutunga mimi, juzi, kwenye mashuka haya haya. Tunakamua, mwenzangu huyu akaachia ghafla, nikakaa chini pwaa, matako yote maji. Ndiyo nikamwimbia. Sasa uandike."

"Nitaandika, mama."

"Andika basi nione."

"Nitaandika nikifika ofisini."

Hapo mtoto mchanga akaanza kulia. Kilio kikali, cha mapafu mazima, kikaijaza sebule. Mwanamke akacheka.

"Haya, haya, Chiriku wangu. Nyamaza, baba. Kelele zote hizi za nini? Mama yupo. Nyamaza Chiriku, mama aimbe."

Na mtoto akanyamaza. Na mwanamke akaimba.

*Shika huku, nishike kule,*
*tusokote hadi tone la mwisho.*
*Ukichoka niambie,*
*usiachie ghafla.*

Kalamu ilikuwa imeanguka. Chiriku hakuiokota. Aliwahi kumwambia Pini, siku moja wakingoja mvua ikatike, kwamba mikono ya mama yake anaikumbuka, hata harufu ya sabuni anaikumbuka, lakini sauti imemtoka. Akiitafuta anaikuta sauti ya mtu mwingine. Pini alimwona sasa akiipokea. Alikuwa amefumba macho, shingo imesogea mbele, na machozi yalikuwa yakimshuka hadi kwenye kola ya shati la kazini bila yeye kuyafuta.

"Rudisha," akasema.

Pini akarudisha.

"Pale ninapolia. Rudisha tena."

Mara ya tatu shangazi hakuweza kuvumilia, akakimbilia jikoni, na wakamsikia akipenga kamasi kule.

Pini alipoizima mashine, saa ya ukutani ikarudi kusikika.

"Kulikuwa na makabati mawili," baba alianza. Alikuwa akiongea na zulia. "La asili na la bendi. Wimbo wenye mtunzi aliye hai haukuwa wangu, ungekwenda bendi. Na bendi wasingeupokea. Mfuaji wa hospitali, hana ala, hana kundi. Kanda zilikuwa chache, wangeifuta warekodie mpira. Nikakata ile sehemu. Nilisema nauokoa. Nilisema nitarudi nimweleze."

"Hukurudi," Chiriku akasema.

"Sikurudi."

"Na kamba je, kaka?" Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. "Wahenga na kamba zao, kitabu kizima, na mimi nilikigawa hadi kwa majirani?"

"Mwaka wa kwanza nilijua ni uongo," baba akasema. "Mwaka wa kumi sikujua tena."

Chiriku alijifuta uso kwa kiganja.

"Alikuwa anazima redio," akasema. "Kila asubuhi, wimbo ukianza, anazima. Ukiisha anawasha asikilize habari. Nilikuwa nadhani haupendi. Mzee, kufulia kule na redio ni barabara moja. Ungetembea kidogo tu."

Baba aliinuka kwa kushika mikono ya kiti, akaiendea meza, akaichukua ile barua akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwake mwenyewe. Kisha akamnyooshea Pini mkono.

"Umekuja na kadi yake?"

Pini akaitoa. Kadi ya zamani, imegeuka rangi ya chai. *Mtunzi: hajulikani. Mwimbaji: mwanamke, mfuaji.*

"Mama yako aliitwa nani?" baba akauliza.

Chiriku akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akataja jina lote, la mama na la baba yake mama, na mzee akaandika, akirudia kila herufi kwa sauti. Alipomaliza akapuliza wino.

"Kwa kanuni yangu, basi, umetoka kwenye orodha."

"Uache," Chiriku akasema.

"Hauwezi kuwa huku na kule. Ama una mwenyewe, ama ni wa asili."

"Ni wake, na kila mtoto anauimba. Yote mawili ni kweli, mzee. Andika jina, na uuache namba moja."

"Hakuna kadi ya namna hiyo."

"Itengeneze."

Baba aliitazama kadi, akamtazama binti yake, akakaa. "Nitaitengeneza," akasema, na alikuwa mzee sana alipolisema.

"Na posa?" shangazi akadakia. "Mbona posa imesahaulika?"

"Nitakuja siku nyingine, shangazi," Chiriku akajibu huku akiinuka. "Leo nimekutana na mama. Siwezi mambo mawili siku moja."

Akawaaga wote kwa heshima, hata baba. Pini alimfuata hadi nje kwenye ngazi, mashine kifuani, mlango ukajifunga nyuma yao.

"Umelijua tangu lini?" Hakugeuka.

"Tangu jana mchana."

"Na ukaniacha nije nikae mbele ya karatasi ile?"

"Nilitaka kuongea na baba kwanza. Nilijua unakuja saa kumi."

"Ungempata peke yake, Pini. Akakuomba kama alivyokuomba. Leo ningeisikia sauti ile?"

Angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno jepesi, na lingemfaa. Lakini alikuwa ametoka kuona neno jepesi la kijana mmoja lilikofika.

"Sijui," akasema. "Nataka kusema ndiyo. Sijui."

Chiriku akakaa kwenye ngazi. Mabega yake yaliteremka, akaegemeza kichwa kwenye vyuma.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka na baba yako, nimechoka na hoteli, nimechoka kungoja. Hata wewe leo umenichosha."

Pini alijikaza kisabuni, lakini sauti ilimsaliti. "Kwa hiyo unaniacha."

"Nani kasema?"

"Si umesema umechoka?"

"Ndiyo nimekuambia." Akainua uso, macho yamevimba, na kwa mbali sana palikuwa na kitu cha mzaha pembeni mwa mdomo, mzaha ambao Pini alikuwa ameusikia mara tatu alasiri ile ukitoka kwenye mashine. "Mama alisema ukichoka useme. Aliyemkasirikia ni yule aliyeachia bila kusema."

Pini alilia tu, wima, na mashine yake mikononi, mpaka Chiriku akasimama.

"Lete. Hilo dude litakuvunja mgongo."

"Tushike wote."

Chiriku akashika upande mmoja, Pini akashika wa pili, wakaanza kushuka, Chiriku akitangulia kinyumenyume, wakiulizana kila pembe kama imepita. Ghorofa ya pili mikono ya Pini ilikuwa ikiwaka moto. Zamani angeng'ang'ana hadi chini.

"Nimechoka," akasema.

Chiriku akasimama pale pale. Wakaitua taratibu, wote kwa pamoja, nao wakakaa juu ya ngazi kupumzika.